Gitaa la Japani, Pesa za Simu: Ya Kuangalia Kabla Hujabonyeza "Tuma"

Mwaka jana, wiki mbili baada ya korosho kuuzwa, binamu yangu wa kule Kikoneni alinipigia simu saa tatu usiku. Hakusalimia. Aliuliza tu, "Wewe si unafanya kazi na watu wa pesa za simu? Pesa ikishatumwa inaweza kurudi?"

Nikajua kuna jambo.

Huyu binamu yangu ni mpiga gitaa. Ijumaa na Jumamosi anashuka Diani, anapiga na bendi ndogo inayotumbuiza wageni hotelini. Gitaa alilokuwa nalo lilikuwa la bei rahisi, na kila baada ya nyimbo tatu nyuzi zilikuwa zimeshalegea, inabidi alikaze upya mbele ya watu. Kiongozi wa bendi alimwambia wazi: kabla wageni wa Pasaka hawajaanza kuingia, lete gitaa la maana, la sivyo natafuta mpigaji mwingine.

Akaona tangazo mtandaoni. Gitaa la umeme, limetengenezwa Japani, KSh 30,000, muuzaji yuko Nairobi. Akamwandikia. Jibu likaja haraka: "Kaka, kuna mwingine anakuja kulichukua leo jioni. Tuma elfu tano nikushikie." Akatuma. Kesho yake ujumbe mwingine: "Nimeshalifunga, tuma 3,500 ya parseli." Akatuma. Siku ya tatu nambari haipatikani, na tangazo lenyewe halipo tena.

Elfu nane na mia tano. Kwa mtu anayejua maana ya kuokota korosho mojamoja chini ya mkorosho, hiyo si pesa ya kusema "basi tu."

Makala hii imetokana na simu ile. Tutazungumzia gitaa, kwa sababu usipojua unachonunua utaibiwa hata ukiwa umesimama mbele ya muuzaji. Halafu tutazungumzia pesa. Hata kama hupigi gitaa, sehemu ya pesa inakuhusu: mambo ni yale yale ukinunua pikipiki, friji au simu iliyotumika.

Kwani la Japani lina nini?

Sisi Wakenya hatuhitaji kushawishiwa kuhusu vitu vilivyotumika kutoka Japani. Magari mengi yanayopita barabara ya Likoni–Lungalunga yaliendeshwa kwanza na Mjapani. Kwa magitaa, hadithi inafanana.

Kuna miji miwili ya kukumbuka. Wa kwanza ni Hamamatsu, nyumbani kwa Yamaha, kampuni iliyoanza mwaka 1887 kwa vinanda, na Tokai, iliyoanzishwa 1947. Wa pili ni Matsumoto, katika mkoa wa Nagano, ambako kiwanda cha FujiGen kilianza mwaka 1960. FujiGen kilitengeneza magitaa yaliyouzwa kwa majina ya watu wengine, yakiwemo Ibanez na Greco. Matsumoto pia kulikuwa na kiwanda cha Matsumoku, kilichotengeneza Aria Pro II na Westone mpaka kilipofungwa mwaka 1987.

Miaka ya 1970 viwanda hivi vilikuwa vikinakili magitaa ya Marekani, Fender na Gibson. Nakala zikawa nzuri mpaka wenyewe wakashtuka. Mwaka 1977 kampuni iliyomiliki Gibson iliwashtaki wasambazaji wa Ibanez huko Marekani kwa sababu ya umbo la kichwa cha gitaa. Fender wao wakachukua njia nyingine: mwaka 1982 wakaanzisha Fender Japan, na FujiGen ndio waliopewa kazi ya kutengeneza. Kwa maneno mengine, waliokuwa wakinakili wakaajiriwa.

Yamaha nao hawakubaki nyuma. Mwaka 1976 walitoa SG2000, gitaa ambalo Carlos Santana alilipiga jukwaani.

Ndiyo maana gitaa la Japani la miaka ya 1980 bado linatafutwa leo. Mbao zilikatwa vizuri, shingo ziliunganishwa vizuri, na vyuma vyake vinadumu. Kwa bei ya gitaa jipya la kawaida unaweza kupata la zamani litakalokuzika, mradi uwe na jicho.

Na hapa Pwani kazi ya gitaa ipo. Them Mushrooms ilianza Mombasa mwaka 1969, na bendi za hotelini ndizo zilizowafundisha watalii kusema "jambo" na "hakuna matata." Kijana aliyekulia Kikoneni akisikia ngoma za sengenya kwenye sherehe, halafu akajifunza gitaa, anaweza kupata riziki Diani. Lakini hotelini hawalipi mtu wa kukaza nyuzi saa nzima.

Jina kwenye kichwa halitoshi

Hapa ndipo wengi wanapoumia. Mtu anaona "Ibanez" au "Yamaha" au "Fender" kwenye kichwa cha gitaa anadhani tayari ni la Japani. Sivyo. Kampuni hizi hutengeneza magitaa katika nchi nyingi.

Yamaha ni kampuni ya Japani, ndiyo, lakini magitaa mengi ya Yamaha Pacifica yametengenezwa Taiwan na Indonesia. Ni magitaa mazuri, ila usilipe bei ya Japani kwa gitaa la Indonesia. Ibanez za kundi la GIO ni za wanaoanza na si za Japani. Ukiona Prestige, hiyo ni ya Japani. Squier za mwanzo, mwaka 1982 na kuendelea, zilitengenezwa Japani na zinathaminiwa sana. Baadaye kazi ilihamia nchi nyingine, zikiwemo Korea, Indonesia na China.

Kwa hiyo usiangalie jina tu, angalia mambo mawili: maandishi ya nchi na nambari ya siriali. Ni kama chasisi ya gari.

Kwenye Fender za Japani utaona maneno "Made in Japan" au "Crafted in Japan." Hilo la pili lilianza kutumika miaka ya 1990 ikielekea mwisho, na si dalili ya gitaa bandia. Maandishi huwa kwenye kichwa au chini ya shingo, karibu na pale inapofungwa kwenye bodi. Nambari zinazoanza na JV ni za mwanzo kabisa, 1982 mpaka 1984, na wauzaji wanalijua hilo, kwa hiyo bei hupanda.

Kwenye Ibanez za kati ya 1975 na 1986, herufi ya kwanza ni mwezi na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka. A ni Januari, L ni Desemba. Kuanzia 1987 mpangilio ukabadilika: F ikawa ni alama ya kiwanda cha FujiGen, na tarakimu inayofuata ikawa ya mwisho wa mwaka. Ona mtego uliopo: nambari inayoanza na F83 inaweza kuwa Juni 1983, au FujiGen mwaka 1988. Utaamua kwa kuangalia ni modeli gani na ilitengenezwa miaka ipi. Muuzaji akikwambia mwaka, muulize ameujuaje.

Na kumbuka, shingo nyingi za Fender hufungwa kwa skrubu nne tu. Mtu anaweza kuchukua shingo ya Japani akaifunga kwenye bodi isiyojulikana ilikotoka. Nambari sahihi kwenye shingo haithibitishi gitaa zima. Omba picha ya mbele, ya nyuma, ya kichwa, ya nambari na ya pale shingo inapokutana na bodi. Halafu omba picha moja ya gitaa hilo likiwa na karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo. Asiyekuwa na gitaa hawezi kuipiga hiyo picha.

Dakika kumi na tano ukiwa nalo mkononi

Njia bora ni kukutana na gitaa ana kwa ana. Nenda mchana, na kama hujui vizuri, nenda na mtu anayejua. Soda ya rafiki ni nafuu kuliko gitaa bovu.

Anza na shingo. Shika gitaa kama mtu anayelenga shabaha, kichwa kikiwa karibu na jicho, uangalie urefu wa shingo yote. Inatakiwa iwe karibu imenyooka, na mpindo mdogo sana wa kwenda mbele si tatizo. Ikiwa imejikunja kama upinde, au imejinyonga upande mmoja, liache. Ndani ya shingo kuna chuma cha kurekebisha mpindo. Uliza kama kinazunguka au kimekwama, lakini usikizungushe kwa nguvu mwenyewe.

Angalia freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Gitaa lililopigwa sana huwa na vishimo chini ya nyuzi. Vishimo vidogo fundi anaweza kuvisawazisha. Vikiwa virefu, freti zitabadilishwa zote, na hiyo gharama uitoe kwenye bei.

Kisha likaze nyuzi vizuri na upige kila uzi kwenye kila freti, taratibu, ukisikiliza. Sauti ya kukwaruza au noti inayokufa ghafla ni dalili. Baada ya hapo gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, uupige. Halafu ukandamize pale pale, uupige tena. Sauti mbili zinapaswa kulingana. Zikipishana kidogo, daraja linaweza kurekebishwa. Hakikisha tu skrubu za daraja hazijaliwa na kutu. Kwa hewa yetu ya chumvi, kutu ndiyo adui wa kwanza.

Kama shingo imegundishwa na bodi, mtindo wa Gibson, pitisha kidole nyuma pale kichwa kinapoanzia. Hapo ndipo panapovunjika gitaa likianguka. Mstari mwembamba kwenye rangi unaweza kuwa ufa uliogundishwa.

Mwisho lichomeke kwenye amplifaya. Badilisha swichi nafasi zote na uzungushe nobu zote. Zikikwaruza ni vumbi, na dawa ya kusafishia vifaa vya umeme humaliza hilo. Lakini pikapu isiyotoa sauti kabisa ni jambo lingine. (Pikapu hapa ni ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, si gari la mizigo.) Ikiwa imebadilishwa kwa ya bei rahisi, umebaki na nusu ya gitaa ulilolilipia.

Muuzaji akisema hana amplifaya, mwambie utakuja na yako. Akikataa hata hivyo, rudi nyumbani.

Tahadhari ya umeme

Gitaa lenyewe la kawaida haliingii kwenye soketi, kwa hiyo la Japani linapiga Kikoneni bila shida. Shida ni amplifaya. Umeme wa Japani ni volti 100, wa Kenya ni volti 240. Muuzaji akikupa "zawadi" ya amplifaya ya Japani ukaichomeka ukutani, itaungua siku hiyo hiyo. Angalia nyuma yake pameandikwa volti ngapi. Ikiwa ni 100 tu, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama yake uijumlishe kabla ya kukubali.

Jambo la pili ni la uhai. Soketi isiyo na waya wa ardhi, au ile ya kuunganishwa kiholela kwenye sherehe, inaweza kupitisha umeme kwenye nyuzi. Unashika nyuzi, mdomo unagusa maikrofoni, unapigwa shoti. Hiyo si ya kuchekea. Mwite fundi umeme aikague kabla ya shoo.

Sasa tuje kwenye pesa

Turudi kwa swali la binamu yangu: pesa ikishatumwa inaweza kurudi?

Jibu la ukweli ni kwamba inaweza, lakini usinunue kitu ukitegemea hivyo. Huduma ya kurudisha muamala iliwekwa hasa kwa aliyekosea nambari. Kama ulimtumia yule yule uliyekusudia, na yeye akaenda kwa wakala akaitoa dakika tano baadaye, hakuna kitufe cha kuirudisha. Pesa za simu ni kama pesa taslimu: ukishampa mtu mkononi, imeshatoka. Kwa hiyo ulinzi wako wote uko kabla ya kuweka PIN.

Kwanza, usitume ya kushikilia kwa mtu usiyemjua na kitu usichokiona. Maneno "kuna mwingine anakuja" yapo kila mahali, na kazi yake ni kukuharakisha. Mwambie, "Akija mwingine mpe, mimi nitakuja Jumamosi." Mwenye gitaa kweli atakupa saa na mahali. Tapeli atakutukana au atanyamaza, na vyote viwili ni jibu.

Pili, kutaneni mahali pa watu, kama dukani kwa fundi wa muziki, benki au kwenye kituo cha mafuta Ukunda. Usibebe bunda la noti kwenye matatu. Pesa zibaki kwenye simu mpaka umeridhika na gitaa. Hata kiasi kikubwa kinaenda: kwenye M-Pesa muamala mmoja unaruhusiwa hadi KSh 250,000.

Tatu, soma jina. Ukituma pesa, jina la mpokeaji hutokea kabla hujamaliza. Watu wengi hulipita haraka kama tangazo la redio. Usilipite. Linganisha na kitambulisho cha muuzaji aliyesimama mbele yako. Akisema "hiyo ni laini ya shemeji yangu," mwambie shemeji aje, au atumie laini yake mwenyewe. Kama ni duka, lipa kwa nambari ya Till na uangalie jina la biashara. Duka linalokataa Till yake na kukupa nambari ya mfanyakazi lina maswali ya kujibu.

Nne, kubalianeni mapema nani analipa ada. Muuzaji wengi husema mwishoni, "weka na ya kutolea." Si kosa, lakini ni sehemu ya bei. Jadilini wakati mnajadili bei, wala si wakati umeshashika simu.

Tano, andikeni makubaliano. Karatasi moja inatosha: aina ya gitaa, nambari ya siriali, bei, tarehe, majina mawili, nambari za vitambulisho, sahihi, na nambari ya muamala kutoka kwenye ujumbe wa simu. Piga picha. Karatasi hiyo inakulinda kwa jambo ambalo wengi hawalifikirii, nalo ni mali ya wizi. Kifungu cha 322 cha Sheria ya Kanuni za Adhabu kinahusu mtu anayepokea mali ya wizi. Bei ikiwa ya chini mno na muuzaji hawezi kueleza gitaa amelitoa wapi, huo si bahati yako. Magitaa ya bendi huibwa, na wapigaji wanajuana.

Sita, ikibidi litumwe kwa parseli, lipa likifika. Muuzaji alipeleke ofisi ya parseli ya mjini kwake, akutumie risiti ya ofisi yenyewe, nawe upige simu ofisini kuuliza kama mzigo upo. Nambari ya ofisi uitafute mwenyewe. Ile atakayokupa yeye huenda ni ya rafiki yake. Ukifika kuuchukua, omba kuufungua hapo hapo.

Na kama wewe ndiye unayeuza, ujumbe unaosema pesa zimeingia si pesa. Watu hutunga ujumbe unaofanana kabisa na wa kweli. Angalia salio lako mwenyewe kabla hujaachia kitu.

Kuagiza moja kwa moja Japani

Wapo wanaothubutu. Japani kuna maduka ya vitu vilivyotumika kama Hard Off, na kwenye mtandao kuna Reverb, ambako maduka ya Japani huuza duniani kote. Kulipa si tatizo tena: kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay, iliyozinduliwa 2022, hukuwezesha kulipa ng'ambo kutoka kwenye simu.

Ila fanya hesabu kamili. Bei ya gitaa ni mwanzo tu. Kuna usafiri, na gitaa ni mzigo mrefu unaohitaji boksi gumu. Kuna kiwango cha kubadilisha fedha. Likifika kuna ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine. Mtu aliyepiga hesabu ya gitaa peke yake hujikuta gitaa liko Mombasa, na yeye yuko Kikoneni akitafuta pesa za kulikomboa.

Jihadhari pia na neno "junk" kwenye matangazo ya Japani. Kwao halimaanishi takataka. Linamaanisha kinauzwa kama kilivyo, hakuna dhamana, hakuna kurudisha. Kinaweza kuwa kizima au kimekufa, na ukishalipa ni chako.

Lipia ndani ya mtandao wenyewe wa mauzo. Muuzaji akikwambia mtoke nje mlipane kando ili "mpunguze gharama," ulinzi wote wa mnunuzi umebaki kule ndani.

Ukishaibiwa, fanya hivi haraka

Dakika ni muhimu. Kama pesa bado hazijatolewa, kuna nafasi. Kwenye M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 kuomba urudishwe, na uripoti nambari ya tapeli kwenda 333. Kwa mtandao mwingine, piga huduma kwa wateja moja kwa moja.

Usifute chochote. Hifadhi mazungumzo, tangazo, picha na ujumbe wa muamala. Nenda kituo cha polisi, uandikishe, upewe nambari ya OB. Ulaghai wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018.

Na jihadhari na tapeli wa pili. Ukiandika kwenye Facebook kwamba umeibiwa, mara atatokea mtu wa "kukurudishia pesa zako" kwa ada ndogo, au atakupigia akijifanya huduma kwa wateja na kukuomba PIN. Safaricom hupiga kwa 0722 000 000 tu, na hakuna mtoa huduma wa kweli anayeuliza PIN yako.

Binamu yangu je?

Zile 8,500 hazikurudi. Tuliripoti, lakini tayari siku tatu zilikuwa zimepita, na pesa zilikuwa zimetolewa siku ile ile alipozituma. Shangazi hakumsema. Alimuuliza tu kama amebakiwa na ngapi.

Wiki iliyofuata alikwenda Ukunda kuona gitaa lingine. Limeandikwa Japani, bei nzuri. Aliposogeza jicho akaona maandishi ni ya kibandiko, kona moja imeshaanza kunyanyuka. Akashukuru, akaondoka. Aliniambia hiyo ndiyo siku aliyojisikia amejifunza kitu.

La tatu lilikuwa Mombasa, kwa mzee mmoja aliyeacha kupiga hotelini kwa sababu ya vidole kuuma. Ibanez ya FujiGen, ya mwaka 1990, freti zimelika kiasi, nobu moja inakwaruza. Mzee alitaka 38,000. Binamu akamwonyesha freti, wakajadiliana, wakafika 33,000 pamoja na ya kutolea. Jina kwenye simu lilikuwa jina la kwenye kitambulisho. Waliandikiana karatasi, na mke wa mzee akatia sahihi kama shahidi.

Akavuka feri ya Likoni amelikumbatia. Kwa pesa zilizobaki alinunua nyuzi mpya na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kuweka ndani ya kesi. Jumapili ya Pasaka alinitumia video ya sekunde ishirini: bendi, taa, watu wanacheza. Sauti haisikiki vizuri kwa sababu ya upepo wa bahari. Lakini walipiga nyimbo sita mfululizo, na hakugusa kikazio hata kimoja.

Ukiwa na mpango wa kununua kitu kwa mtu usiyemjua wiki hii, sambaza makala hii kwako mwenyewe kwanza. Uisome tena ukiwa umesimama mbele ya muuzaji, kabla ya kuweka PIN.